Mshauri wa Vilivyoharibika

Mtu aliyenifundisha kuendesha karakana ya sabuni hakuwahi kutengeneza sabuni hata kipande kimoja. Nadhani hata kufua hakujua. Alipokuja kwangu mara ya kwanza, mtaa wa Ngagara mjini Buja, kwenye ua wa nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu, nilikuwa nimempangia mezani miche yangu mizuri kuliko yote: ya njano, ya kijani, na mmoja wenye harufu ya mchaichai ambao nilijivunia sana. Hakuiangalia. Aliipita meza, akazunguka nyuma ya jiko, akasimama mbele ya gunia nililokuwa nimelifunika kwa kitenge.

"Madamu," akasema, "ile nzuri naijua, iko mu kila duka. Nionyeshe yenye iliharibika."

Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, mtaa mzima uliniita Madamu, na sikuzoea kukaguliwa. Nilifungua gunia kwa hasira. Ndani mlikuwa na sabuni zilizopasuka, zilizotoa jasho la mafuta, zilizofanya unga mweupe juu kama ukungu. Aliketi juu ya kidumu cha mawese kilichokuwa tupu, akazitoa moja moja, akazinusa, akazivunja, akaniuliza kila moja ilizaliwa siku gani na hali ya hewa ilikuwaje. Hatukuwa tumemaliza nusu ya gunia alipoondoka kwenda kuswali adhuhuri. Alirudi, tukaendelea.

Sisi wenye biashara ndogo tulimwita Mshauri. Hakuwa na cheti cha ushauri, na wale vijana wenye vyeti waliokuja na karatasi kubwa na kalamu za rangi kutufundisha ujasiriamali hotelini walimsalimia kwa mbali. Mafundi wa magari wa Buyenzi, ambao hawawezi kumwacha mtu bila jina la utani, walimwita Muzee wa Vibovu. Aliitikia.

Kazi yake ya zamani ndiyo iliyomfanya hivyo. Kwa miaka mingi alisimama mwisho wa mashine katika kiwanda kimoja cha ndoo na mabeseni, kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, akitoa zile zenye kasoro kabla hazijapakiwa. Alisema wenzake waliichukia kazi hiyo kwa sababu waliona ndoo mbovu tu. Yeye aliona mashine. Ndoo ikitoka na ufa upande wa kushoto, alijua kalibu imelegea wapi. Ikitoka nyembamba chini, alijua nani amepunguza moto ili awahi kurudi nyumbani. Kiwanda kilipopunguza watu, alibaki na macho yale bila mashine ya kuyaelekezea. Akaanza kuyaelekeza kwetu.

Kila Jumamosi, kazi za jamii zikishaisha na watu wakishaosha majembe yao, tulikutana Buyenzi katika ua wa fundi mmoja wa kuchomelea milango. Mkeka ulitandikwa katikati. Kila mwenye biashara alileta kitu kimoja kilichomharibikia wiki hiyo, akakiweka mkekani, akaeleza kilivyoharibika. Hukuruhusiwa kumtaja mtu mwingine kama mkosaji. Hakuna aliyeruhusiwa kucheka kabla mwenye kitu hajacheka. Mwisho wa maelezo Mshauri aliuliza swali lake, lile lile kila wiki: "Ulijua saa ngapi?" Alitaka kujua ni saa ngapi hasa ulitambua kwamba mambo yanakwenda vibaya, na ulifanya nini saa hiyo.

Nikueleze kwa nini ilitusaidia, maana anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mchezo wa kudhalilishana. Mwenye biashara ndogo huwa peke yake. Kosa lake humficha mteja kwanza, na hapo ana haki. Kisha humficha mume au mke, ili nyumba isiingiwe na hofu. Mwishowe huificha hata nafsi yake mwenyewe, anafunika gunia kwa kitenge na kupanga miche mizuri mezani. Mimi nilikuwa nimefika hapo. Kama na wewe umefika hapo, usijione mjinga. Wengi wetu tulikuwa huko. Unapokiweka kitu chako mkekani na kuona kwamba hata fundi anayesifiwa Buyenzi nzima ana mlango usiofungika, pumzi inakurudia. Na mtu aliyerudiwa na pumzi anaweza kufikiri.

Kulikuwa na mshonaji mmoja aliyetoka Uvira, mwanamke mwenye maneno ya haraka. Alileta gauni la msindikizaji wa bibi harusi lenye mkono mmoja mfupi. Alisema umeme ulikatika akiwa katikati ya kazi.

"Umeme ulikatika," Mshauri akasema. "Na futi yako ya kupimia, nayo inatumia umeme?"

Mshonaji alicheka mwenyewe, na sisi tukapata ruhusa. Alipoulizwa saa ngapi alijua, alisema alijua tangu kupima. Msichana alikuwa anachezacheza, vipimo havikukaa sawa, lakini mama yake alikuwa mke wa mkubwa na mshonaji aliona haya kumwambia asimame tena. Basi tatizo lilikuwa kuona haya. Tulipitia mavazi yake mengine yaliyorudishwa, na karibu yote yalikuwa ya watu wakubwa. Tangu siku ile alipima kila mtu mara mbili, awe nani, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na cherehani ya pili na mwanamke wa kumsaidia. Hivyo ndivyo Mshauri alivyosaidia watu kukua. Aliwaondolea jiwe moja walilokuwa wakijikwaa juu yake kila siku, wakajikuta wanatembea haraka.

Kwangu mawe yalikuwa mawili. La kwanza, nilitengeneza aina nyingi mno ili nionekane mkubwa. Aliniambia nichague mche mmoja, wenye ukubwa uleule na rangi ileile, na niulaze rafuni majuma matatu kabla ya kuuza, tarehe yake ikiandikwa kwa chaki juu ya ubao. Sabuni mbichi hula ngozi, ikilala, inatulia. La pili, nilikuwa nawafuata wenye maduka wakati wao hawafui. Alinipeleka kwa wafuaji, wale wanawake wanaofulia familia za watu kwa siku, kartiye kwa kartiye, yaani mtaa kwa mtaa. "Hawa banashika sabuni yako kutoka asubui mpaka magaribi," alisema. "Mutu mwingine gani anaijua kuwashinda?" Walinieleza inapotoa povu na inapokwisha upesi. Nilibadili, wakaninunulia, wakaambiana. Nilitoka kwenye sufuria moja uani nikapanga kibanda karibu na Zone Industrielle, nikawa na wanawake wanne wa kazi. Mmoja wao ni Mama Riziki, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, mwenye ulimi unaoaminika kuliko kifaa chochote. Fundi wa sabuni hugusa mche kwa ncha ya ulimi. Ukichoma, soda inayogeuza mafuta kuwa sabuni bado ni kali.

Ningependa kukuachia Mshauri hapo, lakini picha isingekuwa yake.

Alikuwa mlafi wa sukari. Vijiko vinne katika kikombe kimoja cha chai, na sukari ilipoadimika mjini alikuwa mkali kwa kila mtu, hata ushauri wake ukawa mchungu. Hakuvumilia kushauriwa. Alikuwa amejaribu kuuza vipuri vya baiskeli baada ya kiwanda, kibanda kikafa, na hakuna aliyewahi kusikia kilikufaje. Jumamosi moja yule fundi wa milango, mwenye ua, alimchokoza mbele yetu sote.

"Muzee, miaka yote hii tunaleta vibovu vyetu. Chako kiko wapi?"

Mshauri alitazama mkeka, akatutazama mmoja mmoja. "Changu ni ninyi," akasema, na akaomba chai. Tulicheka sana. Mimi niliporudi nyumbani sikuona tena kwamba ulikuwa mzaha.

Aliishi Gasenyi na binti yake, mwanamke mwenye umri wa kutosha kuwa na nyumba yake, ambaye mume wake alikwenda kutafuta kazi nchi ya mbali na hakuandika tena. Kwa binti huyo Mshauri alikuwa mtu mwingine. Alimwamrisha kwa neno moja moja: maji, kiti, mlango. Siku moja, akinisindikiza barabarani, binti aliniambia bila hasira: "Baba anajua shida ya kila duka ya Buja. Yangu hajaniuliza siku hata moja."

Na kulikuwa na mfuga kuku. Huyu alianza na vifaranga vichache nyuma ya nyumba, mtu mpole, mwenye mikono safi kama ya muuguzi. Mshauri alimpenda. Alimsaidia kuona kwamba vifaranga wake walikufa kwa unyevu wa sakafu, na walipoacha kufa, akamwambia akue. Alimwambia hivyo kila Jumamosi: kua, usiogope, banda kubwa, kuku wengi. Mfuga kuku aliuza kiwanja cha urithi wake akajenga. Majuma machache baadaye chakula cha kuku kikakosekana mjini kote, malori yakalala kwa kukosa mafuta, na kuku wakaanza kudonoana. Jumamosi ile alikuja na kifaranga mmoja aliyekufa, akamlaza mkekani, akaketi. Hakueleza neno. Tulimsubiri Mshauri aulize. Hakuuliza. Hapakuwa na kasoro ya kuitafuta. Yule mtu alikuwa amefanya kila jambo kama alivyoelekezwa. Baada ya muda mfuga kuku aliinuka, akamchukua kifaranga wake, akaondoka. Tulisikia amevuka kwenda Tanzania. Mke wake alibaki, na hata yeye hajui zaidi ya hapo.

Tangu hapo Mshauri hakulitumia tena neno "kua". Alikuja kwenye mkeka, aliuliza swali lake, lakini mtu alipoanza kusema mipango ya kupanua kazi, yeye aliangalia viatu vyake. Kisha akaanguka msikitini, upande wa kulia ukapooza, na mkeka ukakunjwa. Tulisema tutaendelea wenyewe. Hatukuendelea.

Sasa kosa langu, kwa maana bila hilo huwezi kuelewa mara ya mwisho nilipomwona.

Soda ya kutengenezea sabuni haitoki hapa, huja kutoka nje, na kwa muda mrefu mwaka huu haikuja. Wanawake wangu walikaa kibandani wakisuka nywele. Mawese yangu ya mwisho yalikuwa kwenye mapipa, yakianza kunuka. Hatimaye mtu akaniuzia soda aliyoipata kwa njia zake. Nilifurahi mpaka nikatoa machozi. Tulipika siku hiyohiyo, mapipa yote, kwa kopo letu la siku zote.

Kopo ndilo lililotuponza. Mji huu unapima kwa kopo: maharagwe, unga, chumvi, makaa. Nami nilipima soda kwa kopo, kwa sababu soda yangu ya kawaida ilikuwa vipande vyepesi kama magamba ya samaki, na kopo moja lilikuwa kopo moja. Soda hii mpya ilikuwa chembechembe, kama chumvi laini. Chembechembe hujaa bila kuacha nafasi, na kopo lilelile linabeba zaidi sana. Mtu yeyote aliyewahi kupima unga na pumba anajua jambo hili. Mimi, niliyewafundisha watoto uzito na ujazo ubaoni, sikuliwaza.

Baada ya juma moja na nusu Mama Riziki aligusa mche kwa ulimi. "Madamu, inaluma," akasema. Nilimjibu kwamba bado ni mbichi. Aligusa tena siku tatu baadaye, akasema inaluma vilevile, na ya kawaida ingekuwa imepunguza. Wafuaji walikuwa mlangoni wakiniomba. Walikuwa wamekaa bila sabuni yangu miezi, wengine wamepoteza nyumba walizofulia. Niliuza.

Mfuaji wa kwanza kurudi alikuwa mama wa kartiye ya nne, mteja wangu wa siku nyingi. Hakupiga kelele. Alifungua kanga aliyokuwa amezungushia mikono, akaniwekea mikono yote miwili mezani, viganja juu. Ngozi ilikuwa imetoka kwenye vidole na katikati ya viganja palikuwa pekundu, panang'aa majimaji. Alisema alidhani ni uzee. Alisema pia kwamba amefulia watoto wachanga.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Gasenyi kwa miguu, kwa kuwa mabasi yalikuwa kwenye foleni ya mafuta. Nilikuwa nimejiandaa njiani kama mtu anayekwenda kwa daktari. Mshauri alikuwa amelala kwenye godoro chini, ukutani, mdomo umevutwa upande. Alizungumza polepole, lakini maneno yalikuwa yake. Nilimweleza yote, kopo, ulimi wa Mama Riziki, mikono. Nilimwambia ni saa ngapi nilijua, kabla hajaniuliza. Kisha nikamweleza nilichokuwa nakitaka. Sabuni kali huweza kuyeyushwa tena na kuongezewa mawese, lakini mawese hayapo. Nikizikusanya zote tena kwa wafuaji, lazima nirudishe na fedha za watu, na sina za kununulia tena chochote. Kibanda kitakwisha, na wanawake wanne watarudi nyumbani mikono mitupu. Labda niwaambie wafuaji waiache ilale mwezi mwingine. Labda wavae mifuko mikononi. Niliongea sana. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya gunia.

"Muzee, nionyeshe namna ya kuiokoa," nikamaliza.

"Nini? Karakana?"

"Karakana."

Alifumba macho, nikadhani amelala. "Mikono ngapi?" akauliza.

Sikuelewa. Alirudia. Wafuaji wangapi walikuwa na sabuni ile? Nilianza kuhesabu: kartiye ya nne, ya sita, ya tisa, wale wa karibu na soko, mfuaji wa mashuka ya nyumba ya kulala wageni. Majina yalikuwa mengi kuliko nilivyopenda, na nilipoyasema kwa sauti kila mmoja alinijia na uso wake.

"Anza leo," akasema. "Usiende kwanza kwa yule alilalamika. Yule anajua. Enda kwa mwenye hajajua."

"Na karakana?"

"Itakufa."

Aliitamka bila ukali. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo singependa wanafunzi wangu wa zamani waisikie, kama baadaye nitaweza kuanza tena.

"Mi sijui, Madamu. Zamani ningekuambia ndiyo." Alipumua. "Nilimuambia mutu moja vile."

Nje binti yake alikuwa anafua. Nilisikia nguo zikisuguliwa, maji yakimwagwa. Nilitaka kuinuka nianze safari yangu kabla ujasiri haujaniisha, na nilikuwa nimeshaweka mkono ukutani aliposema:

"Na hapa."

Juma lililopita nilikuwa nimemtuma Mama Riziki alete miche miwili, zawadi ya mgonjwa, kwa sababu mashuka yake yalihitaji kufuliwa kila siku. Nilikuwa nimeihesabu Ngagara yote, na nyumba hii sikuihesabu.

Mshauri aliita. Hakuamrisha kwa neno moja kama kawaida yake; alimwita binti kwa jina lake, na binti alikuja mlangoni akishangaa, mikono imelowa, povu likidondoka sakafuni. Alimwambia amwonyeshe Madamu mikono. Aliinyoosha. Kwenye mikunjo ya vidole ilikuwa imeanza kupasuka. Alituambia ni kitu kidogo, na kwamba sabuni ni nzuri, inatoa madoa kuliko ya zamani.

Nilitoka naye mpaka kwenye beseni. Mche wa kwanza ulikuwa umebaki nusu, unateleza; wa pili alikuwa ameuhifadhi ndani ya karatasi, juu ya dirisha. Niliitia yote miwili kwenye mfuko wangu, nikamwambia kwamba ni kosa langu, na nikamweleza kosa lenyewe mpaka akaelewa. Alitazama mashuka ya baba yake ndani ya beseni, moja limeloweshwa, moja halijaguswa.

"Sasa hizi nitafua na nini?" akauliza.

Mlango ulikuwa wazi, naye Mshauri alikuwa amesikia.

"Na maji," akasema kutoka ndani.

Binti alikunja mikono ya gauni lake, akamwaga povu lote mtaroni, akaanza upya.